Nyumba Yetu: Bati Linapowaka Oktoba



Mwezi wa Oktoba ukifika hapa Tabora hakuna haja ya kutazama kalenda. Mashamba yamekauka, maembe yananenepa mtini, wazee wanatazama mawingu, na saa nane mchana ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari hakukaliki. Mama anachukua mkeka wake na watoto anahamia chini ya mwembe hadi jua litue. Usiku nao joto halijaisha. Watoto wanagaagaa, wanakisukuma chandarua pembeni kwa miguu, na asubuhi tunakuta mikono yao imeumwa na mbu. Kisha wiki mbili baadaye tunakutana kwenye foleni ya zahanati.

Ndiyo sababu mwezi huu tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunamwachia fundi na baba wa nyumba: kile kinachokaa, au kisichokaa, kati ya bati na vichwa vyetu.

Tuanze na mtoto mmoja tuliyempokea kliniki. Alikuwa na miezi minne. Mama yake alimleta mara tatu katika majuma mawili, kila mara alasiri, mwili ukichemka. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi mara zote tatu. Hakukohoa, masikio mazima, ananyonya vizuri. Tukimlaza kivulini na kumpunguzia nguo, baada ya muda joto lilishuka lenyewe. Mara ya tatu alikuja na kuharisha juu yake. Tukamwuliza mama mtoto analala wapi mchana. Akajibu, "Nesi, namlaza chumba cha ndani, kisicho na dirisha, nimemfunga vizuri blanketi asipigwe na upepo akapata nimonia. Na kwa sababu anatoka jasho sana, bibi yake amesema nimpe maji kidogo kidogo."

Mama huyu hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya yote kwa upendo. Lakini chumba kile kilikuwa chini ya bati tupu, mlango umefungwa, na mtoto ndani ya blanketi. Mtoto mchanga hawezi kujifunua wala kusogea, na mwili wake bado haujui kujipoza kama wetu. Maji aliyopewa ndiyo yaliyomletea kuharisha. Akina mama, tukumbuke kwamba mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji hata Oktoba ya Tabora; anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji ya kutosha. Na tusije tukaeleweka vibaya: homa ya mtoto haisingiziwi bati kabla hajapimwa. Mtoto anayechemka apelekwe akapimwe, na aliye chini ya miezi miwili apelekwe bila kusubiri kuona kama atapoa.

Sasa tuone bati linafanya nini. Wengi husema, "Tutafungua madirisha, joto litatoka." Madirisha ni mema, tusiyazibe, lakini hayatoshi, na sababu yake ni rahisi kwa mtu anayepika. Ukikaa karibu na jiko la mkaa nje uani, penye upepo mzuri, uso wako unaungua vilevile. Upepo unapita lakini joto la mkaa linakufikia moja kwa moja. Bati lililopigwa na jua la saa saba ni jiko hilo hilo lililogeuzwa kifudifudi juu ya kitanda. Linachemka kiasi kwamba huwezi kuliwekea mkono, na linamwaga joto chini juu ya kila kilichomo ndani, watu, magodoro, kuta na mtungi wa maji. Dawa yake ni kuweka kitu katikati, kitakachokinga joto hilo lisitufikie.

Usiku mambo yanageuka. Bati ni jembamba, halitunzi joto, linapoa haraka. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Tabora inapoingia, bati lisilo na dari huwa baridi kabla ya alfajiri, na mvuke wa pumzi zetu unagandamana chini yake na kudondoka kama mvua ndogo. Akina mama wengi wanadhani bati limetoboka. Wanamwita fundi, anapiga lami, na asubuhi linadondoka tena. Halikutoboka. Ni umande wa ndani. Kwa hiyo dari si kwa ajili ya Oktoba tu.

Wazee wetu wa huku walilijua jambo hili vizuri. Nenda Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, ukaone tembe alilokaa Dakta Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Mabwana Stanley na Livingstone walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, na Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi. Mwaka uliofuata, Oktoba 1873, Chuma na Susi na wenzao walipita tena hapo wakiwa wameubeba mwili wake kwenda Bagamoyo. Hata kabla yao, Novemba 1857, Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora hii, wakapokelewa na wafanyabiashara Waarabu katika nyumba za namna hiyo hiyo: kuta nene, baraza mbele, ua katikati, na paa la bapa la udongo.

Paa hilo ndilo tunalotaka mliangalie. Chini kuna boriti nzito, juu yake fito zilizopangwa karibu karibu, halafu nyasi, na mwisho udongo mnene uliokandamizwa. Jua linaanza kuupasha udongo asubuhi, lakini unene wake unalichelewesha joto, na kabla halijafika chini jua limeshatua. Ndani unakuta kivuli na ubaridi hata mchana wa kiangazi. Msomaji wa Biblia wa huku kwetu haoni shida kuelewa wale watu wanne katika Marko sura ya 2 waliotoboa paa ili kumshusha mgonjwa mbele ya Yesu. Paa la tembe unalichimba kwa jembe, na kesho unalirudishia. Jaribu kwa bati.

Lakini tusiusifu mno wakati uliopita. Njia ile ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Katika nyua za baadhi ya nyumba hizo zenye ubaridi wamo waliokaa si kwa hiari yao. Na tembe lenyewe lina matatizo yake. Mvua za masika zinalomoa udongo, mchwa wanazila boriti, na paa zito linaweza kuangukia watu. Mhubiri sura ya 10 inazungumzia paa linaloinama kwa uvivu wa mwenye nyumba; aliyewahi kulitunza tembe atakuambia kwamba si uvivu peke yake, kazi ni nyingi mno.

Baya kuliko yote ni papasi. Mdudu huyu anaishi kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, anatoka usiku kunyonya damu na kurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Homa ya papasi ilifuata njia ya misafara, kambi hadi kambi, kwa sababu wapagazi walilala kila usiku mahali walipolala wengine jana. Mwaka 1905 Dakta Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo huko Kongo, alikufa kwa ugonjwa huo huo. Sisi wauguzi tunaiogopa hasa kwa mama mjamzito, maana huharibu mimba. Basi mtu aliyeacha tembe akaezeka bati na kusakafia kwa saruji hakukosea. Bati limetupa paa lisilovuja na maji ya mvua masafi. Tafiti za nchi nyingi za Afrika zinaonyesha pia kwamba watoto wa nyumba zilizoboreshwa huugua malaria kidogo kuliko wale wa nyumba duni. Tatizo ni kwamba tulipohama kutoka udongo kwenda bati tulilichukua paa jipya na kukiacha kile kilichokuwa chini ya udongo, zile fito na nyasi zilizofanya kazi ya dari.

Tufanyeje basi? Kwanza tuwaondoe wasiwasi wanaodhani lazima wanunue jipsam kama ya mjini Dar es Salaam. Jipsam ni nzuri na safi ikiwa paa halivuji; paa likivuja, inalowa, inaota doa la kahawia na mwisho inadondoka. Silingibodi na plaiwudi zinavumilia zaidi kidogo. Aliye na uwezo aweke hizo. Asiye na uwezo, tunashuhudia kwamba tumeona dari la matete yaliyofumwa, la majamvi yaliyotandazwa juu ya fito, na hata la magunia ya katani yaliyoshonwa pamoja, yakavutwa yakakaza na kupakwa chokaa pande zote mbili. Chokaa inayazuia magunia kushika moto haraka na inaangaza chumba. Kwa mkono wa fundi mzuri na mke mwenye sindano ya magunia, chumba kimoja kinaisha kwa siku mbili.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni hewa. Kati ya dari na bati iwepo nafasi, na nafasi hiyo ipumue. Mwambie fundi aache tundu kila upande wa kichwa cha nyumba, juu kabisa, ili hewa ya moto itoke upande mmoja na nyingine iingie. Ukiziba kila mahali, unatengeneza oveni juu ya dari, na ifikapo jioni dari lenyewe limeshika moto na linakumwagia joto usiku kucha. Matundu hayo yafungwe kwa wavu wa chuma, vinginevyo utakuwa umewajengea popo nyumba.

Juu ya dari unaweza kuongeza kitu chenye hewa nyingi ndani yake, kwa maana hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto, kama blanketi. Wenye nyumba za zamani zenye dari la kuwekea mahindi na karanga, ambako mtu hupanda kwa ngazi, wao wakinge kwenye makombamoyo yenyewe, chini ya bati, ili hata ghala lile lipoe. Madukani kuna karatasi yenye uso unaong'aa kama ile ya ndani ya pakiti ya sigara, inauzwa kwa mizunguko. Hiyo inafanya kazi kwa kulirudisha joto lilikotoka, lakini kwa sharti moja: isigusane na bati. Iache pengo la vidole vitatu au vinne. Ikilazwa imegusana na bati, joto linapita humo kama kwenye sufuria, na fedha yako imepotea. Kama hakuna karatasi hiyo, mkeka uliopigiliwa chini ya makombamoyo ni bora kuliko uwazi.

Nyasi kavu? Zinakinga joto vizuri sana, wazee hawakuzitumia bure. Ila zinavuta panya na mchwa, na panya huvuta nyoka. Zaidi ya hapo ni moto. Nyumba yenye nyaya za umeme zinazopita darini, au inayowasha koroboi na mishumaa, isitie nyasi juu ya dari. Hata vipande vya magodoro chakavu, ambavyo tumewahi kuona watu wakivijaza darini, tunasema hapana kabisa. Godoro la sponji likiungua linatoa moshi wenye sumu ambao unamuua mtu kabla moto haujamfikia. Nyaya zipitishwe ndani ya mabomba yake, na fundi umeme awe ni fundi umeme kweli.

Neno moja kuhusu bati lenyewe. Bati jipya linalong'aa hurudisha jua kwa kiasi. Likishaota kutu na kuwa jeusi linameza jua lote. Zile bati za msauzi za rangi nyekundu iliyokolea au bluu nzito zinapendeza barabarani, lakini rangi nyeupe au ya maziwa ina faida kubwa zaidi kwa wanaolala ndani. Wenye bati kuukuu wanaweza kulipaka rangi nyeupe. Chokaa pia inapoza, ila mvua za Novemba zitaiosha na itabidi kurudia kila mwaka. Kama unakinga maji ya mvua kwa kunywa, mwulize muuzaji rangi isiyo na risasi, na mvua mbili tatu za kwanza uziache zimwagike. Na kama nyumba yenu, au darasa la watoto, limeezekwa zile shiti za kijivu za asbesto za zamani, msizikate wala kuzitoboa wala kuzisugua kwa ajili ya kupachika dari. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi.

Dari linatusaidia pia katika vita vya mbu, na hapa nesi ndani yetu anafurahi zaidi. Mbu wa malaria hapendi kuingia dirishani tu. Anapanda na ukuta hadi penye upenyo kati ya ukuta na paa, anaingia hapo. Dari lililofungwa vizuri pembeni linamkatia njia. Lakini dari halifuti chandarua. Tunachotaka ni kwamba chumba kikipoa, mtoto akubali kulala ndani ya chandarua usiku kucha.

Kitu kingine kinachosahaulika ni dawa. Vidonge vya presha vya mama mkwe, dawa za kifafa, syrup za watoto, vyote vinawekwa juu ya kabati, karibu kabisa na bati, ili watoto wasivifikie. Soma ubavuni mwa boksi: nyingi zinataka mahali pasipozidi nyuzi 30, na nyingine 25. Juu ya kabati chini ya bati tupu, Oktoba, ni zaidi ya hapo kwa saa nyingi. Dawa haionyeshi kwamba imeharibika, mgonjwa anaendelea kuimeza na presha haishuki. Hadi dari litakapopatikana, zishushe kwenye sanduku linalofungwa kwa kufuli, chini, kwenye kona yenye ubaridi.

Sasa tufike penye ugumu, maana tunajua mnachosema kimoyomoyo: "Nesi, fedha iko kwa baba." Ni kweli. Baba anaona nyumba kwa nje, na mwaka huu amepanga kupiga plasta ya mbele au kuweka geti. Sisi hatushauri ugomvi. Mithali imeshatusema vya kutosha akina mama kwa habari ya paa linalovuja na mke mgomvi. Tunashauri hivi. Siku ya Jumamosi saa nane mchana mkaribishe kwa upole akae kwenye kitanda cha watoto, si sebuleni, na mzungumze hapo hapo kuhusu ada na mbolea ya tumbaku kwa robo saa. Halafu mwonyeshe karatasi uliyoandika mwaka mzima: mara ngapi mlikwenda zahanati Oktoba na Novemba, nauli, vipimo, dawa. Wanaume wengi ni watu wa hesabu. Msianze na nyumba nzima. Anzeni na chumba cha watoto, kwa mavuno ya mwaka huu, na chumba cha bibi kwa mavuno yajayo, kwa sababu wazee nao joto linawamaliza, hasa wenye presha na sukari.

Wajane na mama wanaolea peke yao wasiachwe. Kikundi cha akina mama chenye mfuko wa kuweka na kukopa kinaweza kuamua kuwa kila mwezi kinaweka dari la chumba kimoja cha mwanachama mmoja, kama mnavyochezeana upatu wa vyombo. Vijana wa kwaya wanaweza kufuma majamvi na kupanda juu. Sufuria ya wali na maharage inatosha kuwa mshahara.

Na wakati mnasubiri, pandeni mti. Si mwembe ukutani kabisa, kwa maana mizizi na matawi yataumiza msingi na paa, bali hatua kadhaa upande wa magharibi, jua la alasiri linapotokea. Maembe yaliyojaa kando ya njia ya zamani ya misafara bado yanawapa watu kivuli leo.

Kazi ya dari imalizike kabla ya mvua kukolea. Kwanza bati likaguliwe, misumari iliyolegea igongwe na matundu yazibwe, ndipo dari lifuate. Mbao zipakwe dawa ya mchwa zikiwa bado chini, na wajawazito na watoto wakae mbali siku hiyo. Kama kuna popo au nyuki tayari, msiwafungie ndani. Popo watoke jioni wenyewe ndipo muzibe, na wakati wa kufagia mavi yao mjifunge kitambaa puani na kunyunyiza maji kwanza. Nyuki mwiteni mrina asali. Tabora hakuna uhaba wa hao. Na mwambieni fundi aache mlango mdogo darini, unaotosha mtu mzima kupenya na tochi, ili kila Septemba mtu apande akatazame kama mchwa wameanza, kama nyaya zimetafunwa, na kama wavu wa matundu bado upo mahali pake.